Jicho la Kulia la Arlys

Milada, Nebraska
Januari 9

Mdogo wangu Rollie,

Nakusalimu kutoka huku kwenye theluji, nikitumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na shingo haikazi tena. Uliniambia shingo ilianza kukaza ulipoacha zahanati yako ukaenda kukaa kwenye kile kiti cha ngozi huko Omaha. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo kila asubuhi yanabishana lipi litangulie kushuka kitandani. Nimenenepa pia. Krismasi kila mgonjwa aliniletea kolachi, mikate yetu mitamu, za mbegu za mpopi, nami sipendi kumvunja mtu moyo.

Utajiuliza kwa nini dada yako anaandika kwa kalamu kama bibi. Simu nimeikinai. Mimi na Twyla, karani wangu, tunapokezana kuisikiliza Kampuni yako ya bima ikitupigia muziki wa kusubiri, na sasa hata mama mkwe wa Twyla akipiga, nangoja kinanda kianze. Isitoshe, karatasi ni za bure. Geuza hii uone. Hiyo ni faksi ya Kampuni yako ikikataa kitu. Barua zangu zote mwaka huu zitaandikwa mgongoni mwa barua zenu za kukataa. Zipo za kutosha hadi nistaafu.

Unamkumbuka Arlys Kubik, mliyesoma naye darasa moja? Ndiye dereva wa basi la shule hapa. Miaka miwili iliyopita alipata uvimbe ndani ya macho, ule unaokula uwezo wa kuona polepole. Matone hayakufaa. Vidonge vilimchoma ini mpaka akawa wa manjano. Mtaalamu wa macho wa Lincoln akamwanzishia sindano, mimi namwandikia dawa hapa kijijini, na macho yakatulia kabisa. Mwaka huu mpya wilaya ya shule imebadilisha bima na kuhamia kwenu. Januari mosi imefika, na vibali vyake vyote vimekufa kana kwamba na yeye kazaliwa juzi.

Niliomba upya kibali cha awali, ile ruhusa ya bima kabla dawa haijatolewa. Kampuni yako imejibu kwamba Arlys ajaribu kwanza vidonge. Nikawaandikia kuwa vidonge vilikwisha kumchoma ini. Wakajibu kwamba ile ilikuwa chini ya bima nyingine, kwa hiyo haihesabiki. Nimeisoma mara kadhaa nikidhani miwani yangu imechafuka. Kumbe ini lake ni lazima liharibike chini ya bima yenu ndipo liwe limeharibika kweli.

Sikuombi upendeleo. Nauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mnyama wa ajabu: nani huko anakaa na kufikiri haya?

Msalimie Peg na mbwa.

Dadako,
Verna


Omaha
Januari 16

Dada mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimecheka pale kwenye magoti. Pole nayo. Sisi hapa wazima wote. Shingo inaendelea vizuri. Wamenipa mto maalumu. Peg anakusalimu, na mbwa amemaliza soksi zangu.

Verna, hebu tuwe watu wazima. Wewe unamwona Arlys. Mimi naona watu laki tatu. Kila dawa isiyo ya lazima analipia mtu mwingine. Umemsahau yule daktari wa kaunti ya jirani aliyekuwa anapeleka kwenye mashine ya picha kila mtu aliyeingia kwake, hata aliyekuja kuuza bima ya trekta? Huyo ndiye tunayemzuia. Madaktari wazuri kama wewe mnakwama kidogo mlangoni, nakubali, lakini mlango lazima uwepo.

Nakushauri uombe mazungumzo ya daktari kwa daktari. Ni haki yako. Utaongea na mwenzako wa taaluma, mtu anayeelewa, na mtamaliza kwa dakika tano. Sisi si wanyama wa ajabu. Wengi wetu tulikuwa upande wenu wa simu mpaka tukachoka.

Usiandike nyuma ya faksi. Zina majina ya wagonjwa.

Mdogo wako,
Rollie


Milada
Februari 3

Mdogo wangu,

Habari za huko, na za mto maalumu? Natumaini umelala vizuri juu yake. Huku tunaendelea, baridi imevunja bomba la zahanati, nami nimejifunza ufundi wa mabomba kwa kiwango cha kumfanya fundi wa kweli acheke mbele yangu bila kujificha. Majina ya wagonjwa nayafuta kwa kalamu nyeusi, usihofu. Twyla anasema ndiyo kazi pekee ninayoifanya kwa unadhifu.

Nilifuata ushauri wako. Wakaniambia mwenzangu wa taaluma atanipigia kati ya saa sita mchana na saa kumi, na nisipopokea mara moja, ombi litahesabiwa limekataliwa. Basi nikaiweka simu kwenye mfuko wa koti, nikaendelea na wagonjwa. Ikalia nikiwa katikati ya kushona kidole gumba cha mzee Hruska, kilichopitiwa na mashine ya mahindi. Twyla akanishikia simu sikioni, mzee Hruska akajishikia kidole mwenyewe, na hivyo ndivyo tulivyolitetea jicho la mtu.

Mwenzangu wa taaluma, Rollie, alikuwa mpasuaji mifupa ya nyayo aliyestaafu Florida. Nyuma yake mtu alikuwa anaogelea. Aliniuliza kama mgonjwa anapata maumivu akitembea. Nikamwambia hapana, kwa sababu hatembelei macho. Nikasikia anabonyeza kitu. Kisha akasema skrini yake haimpi nafasi ya kuandika habari za ini la zamani. Nikamwuliza yeye kama daktari anaonaje. Akajibu kwa upole kabisa, kama mhudumu wa hoteli, "Daktari, mimi siulizwi ninaonaje."

Mzee Hruska alisikia yote. Akasema ng'ombe wake wakiugua, daktari wa mifugo huwapa dawa siku hiyohiyo, na hajawahi kumwona ng'ombe akiomba kibali.

Sasa sikia. Katika bunge la jimbo huko Lincoln kuna muswada. Unataka mambo matatu tu, nami nimeusoma, kwa hiyo usinitumie maelezo. Kwanza, daktari ambaye maombi yake hukubaliwa karibu yote aachwe afanye kazi. Pili, anayenikatalia awe wa fani ya kiungo kinachougua. Wa jicho kwa jicho, wa unyayo kwa unyayo. Tatu, kibali kimfuate mgonjwa bima inapobadilika, kisife Januari kama ua la Krismasi. Kamati inasikiliza watu Februari 27 na kila mwananchi anaruhusiwa kusimama kusema. Nitakwenda. Nimenunua hata sketi. Inanibana, lakini wabunge hawatajua.

Arlys bado anasubiri. Sindano yake ya mwisho iliisha muda mrefu sasa. Anasema anaona vumbi linaelea. Huku Februari, kwenye theluji tupu, vumbi lipi?

Dadako,
Verna


Omaha
Februari 9

Dada,

Natumaini mabomba yamepona na wewe pia. Sisi wazima.

Kuna jambo ni heri ulisikie kwangu. Kampuni imeniteua mimi niseme mbele ya kamati ile, siku ileile. Wanataka daktari aliyewahi kuwa na zahanati kijijini, na wa namna hiyo tuko wachache. Maneno nimeandikiwa. Si marefu. Mkazo wake uko hapa: "Hakuna mgonjwa anayeumizwa na utaratibu huu. Kinachoumiza wagonjwa ni tiba isiyo ya lazima."

Najua utakavyocheka. Lakini wewe umekaa Milada miaka yote ukiamini kwamba mtu akivaa suti amekwisha. Mimi zahanati yangu ilinila. Jioni zangu zote zilikuwa fomu. Watoto wangu walinijua kama mtu anayesema "ngoja nimalize hii". Nikapata kazi ambayo saa kumi na moja nafunga kompyuta, nala chakula cha jioni kikiwa cha moto. Hilo ni kosa?

Kuhusu Arlys, nimeuliza. Siruhusiwi kugusa faili la mtu ninayemfahamu. Kata rufaa, rufaa nyingi hukubaliwa.

Ukiniona pale, naomba usinitazame vile unavyotazamaga.

Mdogo wako,
Rollie


Milada
Februari 21

Rollie,

U mzima? Mimi sijambo.

Rufaa nilikata kabla hujaniambia. Na hilo la kwamba rufaa nyingi hukubaliwa limenifurahisha sana. Maana yake ni kwamba mnajua tangu mwanzo tuko sahihi, mnataka tu kuona nani ataacha kupiga simu.

Jumanne Arlys alisimamisha basi njiani, karibu na shamba la kina Novotny, akawasha taa zote, akaita shule kwa redio waje kuchukua watoto. Jicho la kulia lilikuwa limefunga ukungu, kama dirisha la bafuni. Hakugonga kitu, hakuna mtoto aliyeumia. Aliwaambia waimbe mpaka gari lingine lifike. Kisha akamkabidhi mkuu wa shule funguo, akarudi nyumbani na mumewe. Dereva wa muda waliyempata amekwishawapeleka watoto wa Novotny kwenye shamba la watu wengine mara mbili, nao wanashuka tu, kwa sababu huko wanapewa biskuti.

Nimempeleka Lincoln kwa mtaalamu. La kushoto linaweza kuokolewa. Ametoa kichupa cha sampuli kabatini kwake, sindano moja, kama mtu anayetoa sadaka. La kulia limeacha kovu nyuma kabisa. Halirudi.

Hukulikata wewe. Najua. Na yule wa nyayo hakulikata, na skrini haikulikata, na aliyeitengeneza skrini alikuwa anafuata maelekezo. Ni kampuni ya ajabu sana. Ina mnara wa ghorofa kumi na tisa na ndani yake hakuna mtu.

Mimi sitasema kitu siku hiyo. Nafasi yangu nimempa Arlys. Atakaa safu ya pili. Wewe sema sentensi yako.

Verna


Omaha
Machi 4

Dada mpendwa,

Natumaini mlifika salama Milada na barabara haikuwa na barafu. Hukunisubiri, nami sikustahili kusubiriwa, lakini nakuandikia yaliyotokea kabla hatujaingia ukumbini, kwa sababu hukuyaona.

Nilikuwa koridoni naongea na mwanasheria wa Kampuni. Tulipoachana, mwanamke mmoja akanijia akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Nilimtambua papo hapo. Ni Arlys yule, isipokuwa mvi. Yeye mimi, nilivyo na upara na tumbo, hakunitambua. Akasema, "Samahani bwana, nisomee ule mlango. Ni vyoo vya wanawake?" Nikamwambia ndivyo. Nikamshika kiwiko, nikamfikisha. Akanishukuru, akasema nina adabu.

Sikumwambia jina langu. Nilikuwa nimelifungua domo, likafungika lenyewe.

Halafu nikaingia nikasema ile sentensi. Nilikuwa nayo kwenye karatasi, taa ya kijani ya kumruhusu msemaji ikawaka, na mwili wangu ukaisoma. Ulikuwa umekaa pale na hukunitazama vile nilivyohofia. Hukunitazama kabisa.

Na yeye akaja. Unayakumbuka maneno yake, lakini mimi nayaandika ili nisiyapoteze: "Naitwa Arlys Kubik. Naendesha basi la shule la Milada." Akafikiri kidogo. "Niliendesha." Akaketi. Ile taa ya kijani ilikuwa bado inawaka, na mwenyekiti hakujua aizime au aiache.

Umesikia, nadhani, kwamba muswada wameuahirisha hadi mwakani na kuunda tume ya kuutafakari. Ofisini wameleta keki.

Verna, kama kuna aliyeumia kutokana na lolote nililosema, nasikitika. Naomba unisamehe.

Mdogo wako,
Rollie


Omaha
Machi 20

Dada,

Hamjambo huko? Sijapata jibu. Nimepiga zahanati, Twyla alinipokea kwa adabu, akaniweka kwenye muziki. Sikujua kama mna muziki. Nilisikiliza mpaka chakula changu cha mchana kikapoa.

Peg anauliza kama tutakuja Pasaka.

Rollie


Milada
Aprili 2

Kwa: Dkt. Rolland Sedlak
Yahusu: Ombi la msamaha

Ndugu Mwombaji,

Tunatumaini u mzima wa afya. Ombi lako la Machi 4 limepokelewa na kufanyiwa tathmini na mtaalamu wetu, ambaye ni dada yako na hana ujuzi wowote wa nyayo. Tunasikitika kukujulisha kwamba halijakidhi masharti, kwa sababu zifuatazo.

Mwombaji ameandika "kama kuna aliyeumia". Utaratibu wetu hauna neno "kama". Aidha, mwombaji ametaja wema aliowahi kumtendea dada yake zamani, ikiwemo kumfundisha kuendesha trekta. Hapana, hukuutaja, lakini nilikuwa naufikiria wakati nasoma, nikakaribia kulainika. Wema huo ulitendeka chini ya mpango mwingine, kwa hiyo hauhesabiki.

Msamaha ni tiba ya gharama kubwa, nasi hatuutoi kabla mwombaji hajajaribu kwanza hatua nafuu. Hatua ya kwanza ni hii: aende mwenyewe, kwa gari lake, hadi nyumba ya rangi ya maziwa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Vaclav, abishe, amwambie mwenye nyumba jina lake. Si kwa barua, wala si kwa simu. Hatua hiyo ikishindikana, mwombaji anaruhusiwa kukata rufaa kati ya saa sita mchana na saa kumi, na asipopokelewa, alie tu.

Sasa weka hiyo karatasi pembeni, nikuambie kitu kwa sauti yangu. Mimi si mtakatifu. Arlys alipoona lile vumbi la kwanza, nilimwambia tungoje jibu la Kampuni wiki moja zaidi, kwa kuwa na mimi nimezoea kungoja. Mmenifundisha vizuri. Ndiyo maana nakudharau kwa bidii hivi. Nikipunguza kidogo itanibidi nianze na mimi mwenyewe.

Njoo Pasaka au usije. Madonge ya unga na kabichi vitakuwepo, na nitavipika mimi, kwa hiyo usije na njaa ya kweli.

Dadako,
Verna


Milada, mezani kwa Arlys
Aprili 13

Dada mpendwa,

Salamu kutoka mitaa mitatu nyuma yako. Najua ningeweza kutembea nikubishie, lakini nimeambiwa niandike kwanza, na niandike hapahapa, ili nisipate muda wa kuipamba. Mimi mzima. Arlys naye ni mzima, anaosha sufuria na hataki nimsaidie.

Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba yake mpaka mumewe akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Akanileta jikoni. Nikasimama katikati kama mwanafunzi, nikamwambia Arlys jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyesema yale Lincoln.

Aliendelea kufuta meza. "Nilikujua," akasema. "Ulikuwa unaongea na yule bwana mwenye mkoba. Sauti ileile ya kutangaza mechi shuleni. Mnenepe vipi, sauti hainenepi."

Nikamwuliza, sasa kwa nini aliniuliza ule mlango.

"Mlango niliuona, Rollie. La kushoto bado linasoma choo. Nilitaka tu kuona kama utaniambia wewe ni nani."

Safari hii hakuna aliyekuwa ameniandikia maneno. Akanisogezea kiti. Akaniwekea kolachi ya matunda makavu ya aprikoti, akasema nile, kwa kuwa mtu akisimama na uso kama wangu anamharibia hewa ya jikoni. Nikala. Akaniuliza kuhusu kazi. Nikamwambia Kampuni imeulizia kama nitapatikana tena mwakani muswada ukirudi, nami nimewajibu Ijumaa kwamba nitakuwepo, safu ya pili, upande wa ukutani, na wasihangaike kuniandikia maneno. Mto wao nimeurudisha, pamoja na funguo za ofisi. Peg ana hofu kidogo na mikopo, lakini amesema mbwa anafurahi.

Arlys hakunipongeza. Alisema tu, "Basi utanibebea koti."

Kisha akachukua bahasha iliyokuwa juu ya friji, iliyofika asubuhi, akaniwekea mbele. Alama ya Kampuni niliiona kabla hajaiachia. Mumewe alitaka kuisoma, akamwambia aache, amepata msomaji.

Ilikuwa jibu la rufaa yako. Nikaifungua nikasoma kwa ile sauti ya mechi, maana nyingine sina. Inasema baada ya kuipitia kwa makini, Kampuni ina furaha kumjulisha Bibi Kubik kwamba sindano zake zimeidhinishwa kwa mwaka mzima, kwa matibabu ya macho yote mawili.

Arlys, aliyekuwa amerudi kwenye sufuria, alifunga bomba la maji.

"Soma tena hapo pa macho," akasema.

Nikasoma tena.

Mdogo wako,
Rollie